Igizo la Mahafali

Aliyesoma shule ya sekondari ya kijijini nchini Tanzania katika miaka ya 1990 anaujua mwisho wa igizo la mahafali kabla halijaanza. Msichana mwenye akili anaondoka nyumbani na baraka za wazazi. Njiani anakutana na mwanamume mwenye gari, au mwenye duka, au mwenye redio tu, maana kwetu redio ya betri sita ilitosha. Onyesho la tatu ana mimba. La nne amefukuzwa shule, na baba yake amelitupa nje sanduku lake. La tano amejifunga khanga iliyofifia, anaigeukia hadhira na kuwaasa wasichana wenzake wasiifuate njia yake. Watu wanapiga makofi, mgeni rasmi anafuta miwani, kisha zinafuata kwaya, risala na wali.

Nililitazama igizo hilo katika shule yangu, na pia katika shule za jirani tulipoalikwa, na kilichobadilika kilikuwa majina ya wahusika. Hata hayo hayakubadilika sana. Msichana aliitwa Sikujua au Majuto. Baba yake alikuwa Mzee Hasira. Mwanamume alikuwa Bwana Tamaa. Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, nami kila mwaka huifundisha na kila mwaka huona jambo jipya ndani yake. Lakini tamthiliya iliyotazamwa na watu wengi zaidi katika vijiji vyetu haikuchapishwa popote. Haikuwa hata na andiko.

Shule yetu ilikuwa katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, mahali ambapo mashamba ya ngolo huitandaza miteremko kwa vishimo kama sega la nyuki, na ambapo ada ililipwa kahawa ikishauzwa. Hatukufika wanafunzi mia tatu. Umeme haukuwapo. Tulikuwa na bwalo moja, ambalo lilikuwa mahali pa kula, pa kusali, pa kufanyia mitihani, na pa kupokelea adhabu mvua inaponyesha.

Alhamisi alasiri ilikuwa ya klabu. Skauti walikuwa na skafu nne na filimbi moja. Klabu ya Malihai, tawi la harakati iliyoanzia Arusha mwaka 1980, ilituhimiza kupanda mikaratusi nyuma ya vyoo na kukariri tabia za wanyama ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewaona. Umoja wa wanafunzi Wakatoliki ulikuwa na wanachama wengi kuliko klabu nyingine zote zikijumlishwa, jambo lisilomshangaza yeyote anayeijua Mbinga. Halafu zilikuwapo klabu ya mdahalo na klabu ya Kiswahili, ambazo zilipewa chumba kimoja na hazikupendana.

Mdahalo ulifanyika Jumamosi usiku, kwa Kiingereza. Mada zilizunguka kama mazao shambani: elimu ni bora kuliko fedha, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, mkulima ni bora kuliko daktari, kisha tunarudi kwenye elimu na fedha. Kila msemaji alianza kwa sentensi moja iliyokaririwa, ya kumsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda na wasikilizaji, na wengi wetu tuliishia hapo. Kwa siku zilizobaki za juma kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyenaswa akizungumza Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake, na aliyelala nacho alfajiri alichota maji ya jikoni. Kijana aliyeweza kuwapatanisha dada yake na shemeji yake, kubishana na karani wa ushirika juu ya uzito wa gunia la kahawa, na kuongoza sala za matanga, akisimama mbele ya mdahalo aligeuka mtoto wa miaka sita.

Katibu wa mdahalo alikuwa tofauti. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu, darasa langu, na Kiingereza chake alikipata kwenye magazeti ya zamani ambayo padre mmoja mzee alikuwa akimpa mama yake afungie maandazi. Alijibu hoja bila karatasi. Aliwasahihisha wavulana wa kidato cha nne kwa upole uliowaudhi kuliko matusi. Mara moja alimwuliza mwalimu wa fizikia swali kuhusu kupatwa kwa jua, na mwalimu akaahirisha jibu hadi Jumatatu. Mpaka leo Jumatatu hiyo haijafika.

Mimi nilikuwa klabu ya Kiswahili, na klabu hiyo ndiyo iliyotayarisha igizo. Utayarishaji ulianza Agosti. Mwalimu mlezi alituita, akatutajia ujumbe, akagawa nafasi, kisha akasema, "Haya, undeni." Tuliunda tukiwa tumesimama. Mmoja alisema jambo, mwingine akajibu, tukicheka jambo hilo linabaki, tusipocheka linaachwa. Baada ya wiki tatu kila mtu aliyajua maneno ya kila mtu, nayo hayakuandikwa mahali popote. Hotuba ya mwisho ya Sikujua ndiyo pekee iliyoandikwa, kwa mkono wa mlezi, maana ndiyo iliyobeba ujumbe. Nilipewa kuihifadhi. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kumnong'oneza aliyesahau.

Jukwaa lilikuwa meza nane za bwalo zilizosogezwa pamoja, na pazia lilikuwa mablanketi mawili ya bweni. Karabai mbili zilining'inia kwenye kenchi. Mvi zilikuwa unga wa mahindi, ndevu zilikuwa masizi. Koti la Mzee Hasira lilikuwa la mkuu wa shule mwenyewe, aliyeliazimisha kwa sharti kwamba mwigizaji asianguke nalo chini hata hasira zikizidi. Mimba ilikuwa taulo la matroni, na kwa kila onyesho liliongezewa khanga moja.

Usiku huo kibao hakikuwa shingoni mwa mtu. Mzee Hasira aliingia akizungumza Kiswahili cha mzee wa Kimatengo, kile ambacho nusu yake ni Kimatengo chenyewe, na bwalo likavunjika kwa kicheko kabla hajamaliza sentensi ya pili. Wanakijiji waliojazana madirishani, wanaume wengine wakiwa bado na kaptura nyeupe za ngoma ya mganda waliyoicheza mchana, walimjibu kwa sauti kana kwamba wako barazani. Wanafunzi wale wale ambao Jumamosi hawakuvuka salamu kwa mwenyekiti walikuwa sasa wanatoa methali, wanatukana kwa adabu, wanabembeleza, wanalaani, wanaomboleza. Wazazi waliwaona watoto wao wakiwa na akili waliyokuwa wakiilipia ada. Mama mmoja alipanda jukwaani akampachika mwanawe noti ya shilingi mia mbili kwenye paji la uso katikati ya matanga, na maiti akafungua jicho kuitazama.

Nilipokwenda ng'ambo kwa shahada ya uzamivu nilianza kujiuliza ni wapi tulikoupata muundo ule. Nadhani tuliurithi kwenye ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyezitia ngonjera vitabuni katika *Ngonjera za UKUTA* mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliipa shule ya Kitanzania umbo lililowafaa sana waliokuwa wakiieneza siasa ya Azimio la Arusha: pande mbili zinabishana, mmoja anajua na mwingine hajui, na mwishoni asiyejua anakiri, anashukuru, wote wanaimba pamoja. Katika ngonjera kukubali ndiko kunakofunga shairi. Igizo la mahafali lilichukua mifupa hiyo na kuivika nyama ya vicheko. Kwa sababu hiyo Sikujua hakuweza kufa tu, wala kuondoka tu. Ilibidi akiri. Kwa mtazamo huo, tamthiliya tulizosoma darasani zilikuwa na uhuru ambao igizo letu halikuwa nao. Katika *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, karani wa sensa anamtongoza binti wa mwenyeji wake, na baba anazitia moto karatasi za hesabu ya watu. Hapo lawama inamwangukia karani mwenyewe, tena mbele ya macho yetu. Bwana Tamaa wetu hakupata taabu hiyo. Sehemu yake iliisha onyesho la pili.

Julai 1997, tulipofungua muhula wa pili, wasichana tulipangwa mstari mbele ya chumba cha matroni, kama ilivyokuwa desturi. Muuguzi alitoka zahanati, akatubonyeza tumbo mmoja mmoja. Katibu wa mdahalo aliingia akiwa wa tisa au wa kumi, na hakurudi mstarini. Ilipofika saa kumi jioni sanduku lake la bati lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli ya kaka yake, naye alikuwa akitembea nyuma ya baiskeli hiyo kuteremka mlima. Hakuna tangazo lililosomwa. Jumamosi mdahalo ulifanyika, katibu msaidizi akakaa kwenye kiti chake, na mtunza muda akagonga kengele kwa saa zake.

Oktoba tulicheza igizo lile lile. Aliyeigiza Sikujua alikuwa msichana aliyelala kitanda cha chini, na kitanda cha juu yake kilikuwa cha yule aliyeondoka. Katika mazoezi yote hakubadilisha neno. Siku ya mahafali alilia mahali pa kulia, akapigwa na Mzee Hasira bila koti kugusa chini, akatoka, akarudi na khanga iliyofifia. Alisogea mbele, akasema, "Wasichana wenzangu." Kisha akanyamaza.

Nilimnong'oneza maneno yaliyofuata. Alinisikia, maana kichwa chake kiligeuka kidogo upande wangu. Nikarudia. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetafuta ufunguo, "Na yeye yuko wapi?"

Bwana Tamaa alikuwa benchi la tatu. Kama ilivyokuwa kila mwaka, alikuwa amekwisha kuvua miwani ya jua, amevaa tena sare, na anakula karanga pamoja na wenzake. Watu walimgeukia. Dirishani mwanamke mmoja alilirudia swali kwa Kimatengo, na mwingine akalipokea, mpaka likazunguka bwalo lote kwa nje. Yule kijana, akidhani pengine onyesho limebadilishwa bila yeye kuambiwa, akainuka, akapanda jukwaani, akasimama kando ya Sikujua. Hakuwa na la kusema. Hapakuwa na maneno yoyote yaliyoundwa kwa ajili yake. Akasimama pale na karanga mkononi, karabai zikivuma, kwa muda ambao mimi nyuma ya pazia niliuona mrefu kuliko igizo zima, hadi mlezi alipoliangusha blanketi.

Tangu wakati huo nimeketi katika kumbi ambazo tiketi yake moja ingelipa ada yangu ya mwaka, na nimewaona waigizaji waliosomea kazi hiyo kwa miaka. Sijamwona aliyesimama jukwaani kama alivyosimama yule kijana.

Mgeni rasmi alitushukuru kwa burudani, akazungumzia nidhamu, akaahidi mifuko ya saruji kwa ajili ya maabara. Msichana aliitwa ofisini kesho yake, akaandika maelezo, akafagia uwanja kwa siku tano. Mwaka uliofuata igizo lilihusu ukataji wa miti. Miti haina mtu wa kuulizia.

Kuwafukuza wasichana wenye mimba ilikuwa kawaida ya nchi nzima. Kanuni za mwaka 2002 zilimruhusu mkuu wa shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la kimaadili, na mimba ilihesabiwa humo. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shuleni. Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Waliopigania badiliko hilo wanastahili sifa zao, lakini mimi nikizisoma habari za sheria huwa nalikumbuka igizo. Kanuni ilimtoa msichana shuleni. Igizo lilifanya kazi ambayo kanuni isingeiweza: lilimtungia maneno ya kukubali kwamba amestahili, likamtaka ayaseme kwa sauti, kwa Kiswahili kizuri, mbele ya mama yake.

Wapo walioliona hilo mapema kuliko sisi. Mwaka 1996, mwaka mmoja kabla ya usiku ule, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe walitaja kinachowakwamisha, wakachambua sababu zake, wakatengeneza igizo, wakalicheza mbele ya walimu na wazazi, kisha wakabaki na klabu ya kuendeleza mazungumzo. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, iliupeleka mradi huo katika nchi nyingine za bara. Zana zao zilikuwa zile zile tulizokuwa nazo: meza, blanketi, maneno yasiyoandikwa. Tofauti ni kwamba ujumbe haukutolewa Agosti na mlezi. Tuseme haikufika Umatengo wakati wetu, na yule msichana wa kitanda cha chini hakuwa ameisikia. Alilipata swali lake mwenyewe, na sidhani kama alikuwa amelipanga. Nadhani alifika kwenye hotuba akakuta haiwezi kutoka.

Siku hizi ninaishi Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi yasiyo na kilima hata kimoja. Majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka juzi, jirani alinialika kumtazama mwanawe katika igizo la shule ya sekondari ya mji mdogo ulio karibu, shule isiyozidi yetu kwa idadi ya wanafunzi. Mlangoni vijana wa klabu ya wakulima, FFA, walikuwa wakiuza keki katika makoti yao ya buluu. Walicheza *Our Town* ya Thornton Wilder, tamthiliya ya mwaka 1938 inayopendwa na shule za Marekani kwa sababu haihitaji mapambo: meza, viti, ngazi mbili. Nilikaa nikidhani naijua, maana nilikwisha kuisoma. Sikuwa nimejiandaa kuona jukwaa tupu la namna ile katika shule ya wakulima, wala kumwona msichana wa miaka kumi na saba akicheza Emily, mwanamke aliyekufa kwa uzazi, anayeketi makaburini na kuomba arudishwe siku moja tu ya maisha yake. Anarudi, anatazama, anauliza. Hakuna anayemtaka awaase wenzake. Baba zake wawili, wa igizoni na wa kweli, walikuwa wanalia, mmoja jukwaani na mwingine pembeni yangu.

Nimeihifadhi programu waliyotugawia. Ina jina la kila mtu, hata la mtoto wa kidato cha chini aliyevuta pazia na la aliyeshona kofia. Sisi hatukuwa na karatasi ya namna hiyo. Daftari la klabu yetu, kaunta buku jekundu lenye mahudhurio tangu shule ilipofunguliwa, lilimalizikia kwa muuza karanga wa njia panda, na nina hakika liliwahudumia wateja wengi.

Kwa hiyo yaliyobaki yako vichwani mwetu, na kwa simu. Msichana wa kitanda cha chini sasa ni mkunga. Yule aliyekuwa katibu wa mdahalo anaishi Songea, ana duka la vifaa vya shule. Alimlea mtoto, akafanya mtihani wa maarifa miaka sita baadaye, kisha wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akafaulu. Habari za usiku wa mahafali alizipata kwa watu, na kila tukizungumza hutaka nimsimulie tena sehemu ya karanga. Niliwahi kumwuliza kilichomwuma zaidi siku ile ya Julai. Nilitarajia ataje baba yake, au mstari mbele ya chumba cha matroni. Alisema alikuwa ametayarisha hoja za Jumamosi ile, za kuutetea upande wa kijijini, na alijua kwamba angeshinda. Akanitajia hoja zote tatu, kwa Kiingereza, akianza na salamu kwa mwenyekiti.

Binti yake wa mwisho yuko kidato cha pili, na mwaka huu amepewa nafasi katika igizo la mahafali ya shule yao. Ataigiza baba. Tulipozungumza mara ya mwisho mama mtu alikuwa anatafuta koti la kuazima. Nilimwuliza igizo linahusu nini.

"Lile lile, mwenzangu," akasema. "Ila siku hizi kuna onyesho la sita. Anajifungua, anarudi shule, mkuu wa shule anampokea."

"Na Bwana Tamaa?"

Nilisikia droo ya duka ikifungwa, na mteja akiulizia rula.

"Huyo," akasema, "bado anaishia la pili."